Taka Zilizorudi Zenyewe

Jumanne hiyo upepo wa Ziwa Eyasi uliamka vibaya. Ulikuwa upepo wa kumnyoa mtu ndevu bila maji. Sajenti Naipanoi, ambaye hakuwa na ndevu, alishika kofia kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili, akamwacha Mwalimu Marsela aongee mpaka amalize. Ilichukua muda. Mwalimu Marsela alikuwa amefundisha darasa la tatu huko Rhotia kwa miaka thelathini na minne, na hata baada ya kustaafu hakuamini kwamba kuna mtu anayeelewa jambo likisemwa mara moja.

"Jumamosi tunaokota," alisema. "Wajitolea arobaini na sita. Tunashuka na lori la Fuso linalokuja kuchukua vitunguu. Tunasafisha ufuko huu wote, kuanzia yale mawe mpaka kule kwenye vichaka vya mswaki. Magunia yanapelekwa kwenye shimo la taka. Jumamosi inayofuata tunarudi, taka ziko hapa. Zilezile!"

"Umejuaje kwamba ni zilezile, Mwalimu?"

Mwalimu Marsela akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya maji ya nusu lita. Ubavuni ilikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu.

"Nilisahihisha ishirini, nikazitupa shimoni kwa mkono wangu mwenyewe. Kumi na saba zimerudi. Na siyo kwamba zimelala chini, Sajenti. Zimetundikwa! Zinaning'inia vichakani zinatucheka. Huyo mtu anatutukana."

Naipanoi aliipokea chupa, akaigeuza. Kituoni Karatu walikuwa wameicheka kesi hii mpaka chai ikawapalia. Mara ya tatu Mwalimu alipofika kaunta na gunia la vielelezo, mkuu wa kituo alimwita Naipanoi pembeni akamwambia, "Nenda ziwani. Usipopata mhalifu, utapata hewa safi."

"Jumamosi hii tuko mia mbili," Mwalimu aliendelea. "Shule mbili zinakuja. Trekta litafukia shimo siku hiyohiyo. Hakitabaki hata kizibo. Na mtendaji wa kijiji analeta mgambo. Atakayeonekana na chupa akiirudisha, anakwenda mahakamani moja kwa moja."

"Kwa hiyo nina siku nne."

"Una siku tatu. Ya nne ni ya kwangu."

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa karibu, ameegemea pikipiki yake akitafuna muwa. Lazaro ndiye aliyebeba magunia kutoka ufukweni mpaka shimoni, na Mwalimu alikuwa tayari amemhukumu, maana kutoka shimoni mpaka vichakani udongo ulikuwa umejaa alama za tairi la pikipiki.

"Lazaro, magunia unayafikisha?"

"Nayafikisha, afande. Shimo lenyewe lile, ukidondosha jiwe leo linatua Alhamisi."

"Sijauliza kina chake."

"Nayafikisha, haki ya Mungu. Mwalimu huyu alinifundisha. Unadhani nina ubavu wa kumchezea? Mpaka leo nikimwona naficha kucha."

"Pikipiki ngapi zinafika hapa katikati ya wiki?"

Lazaro akaacha kutafuna. "Yangu tu," alisema taratibu. "Hapo nimejichongea, eeh?"

Naipanoi alichuchumaa nyuma ya pikipiki, akapitisha kiganja juu ya tairi. Lilikuwa laini kuliko kichwa cha mkuu wa kituo.

"Tairi lako lina kipara."

"Nitabadilisha, afande, usiniandikie. Wiki ijayo tu..."

"Nyamaza. Kipara hicho kimekuokoa." Alinyoosha kidole kwenye alama zilizokuwa chini. "Hizi zina meno. Tairi lako halina hata moja."

Alizifuata akiwa ameinama. Lazaro alimfuata, na Mwalimu akamfuata Lazaro, kwa mwendo wa watu wanaotafuta sindano. Alama ya kwanza ilikuwa na urefu wa shibiri moja na vidole vitatu. Halafu udongo mtupu. Halafu alama nyingine, kidogo kulia. Halafu udongo mtupu.

"Pikipiki gani inaruka ruka hivi?" Mwalimu aliuliza.

"Pikipiki inayotembea kwa miguu," Lazaro alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Naipanoi alicheka peke yake. Baba yake kule Malambo alivaa viatu vya namna hiyo mpaka siku anazikwa: katambuga zilizokatwa kwenye tairi la pikipiki, nyepesi kuliko za tairi la gari, zinazodumu mpaka mvaaji anachoka kwanza. Alipima hatua. Zilikuwa fupi, kisigino kimegusa kwa upole. Alama za kushoto zilikuwa na mkia, kama mtu aliyeburuta mguu.

"Ni mzee," alisema. "Mwembamba. Mguu wa kushoto unamsumbua. Na alikuwa na mzigo mwepesi lakini mkubwa, maana amepita mbali na kila mti wenye miiba."

"Mzee anitukane mimi?" Mwalimu alisema. "Nimemkosea nini?"

"Hilo ndilo sijalijua."

Chupa zenyewe zilimpa jibu la nusu. Kila moja ilifungwa kwa uzi mwekundu, ule wa neti za vitunguu, kwa mafundo mawili, kwenye tawi lililo usawa wa kifua. Naipanoi alisimama kwenye chupa ya kwanza akahesabu hatua mpaka ya pili. Arobaini. Mpaka ya tatu, arobaini. Ya nne, arobaini na moja, lakini hapo palikuwa na shimo la fisi la kulizunguka.

"Mwalimu, mnapookota mnapitaje?"

"Tunatawanyika. Kila mtu na kichaka chake."

"Ndiyo maana hamkuuona. Huu ni mstari."

Mstari ulitoka vichakani ukaingia kwenye uwanda mweupe wa ziwa, ambako hakuna kichaka. Huko chupa zilifungwa kwenye fito zilizochomekwa ardhini. Kulia na kushoto udongo ulionekana mkavu na wa kuaminika, lakini Naipanoi alitupa jiwe, nao ukalimeza bila kusema asante. Watu wa Eyasi husimulia kwamba tope hilo liliwahi kumeza ng'ombe asubuhi, na jioni kengele yake ikasikika ikilia upande wa pili wa ziwa. Yawezekana wameongeza chumvi. Lakini pembe zilizochomoza hatua kumi kutoka kwenye njia hazikuongezwa na mtu.

Mahali pamoja, kando ya mstari, palikuwa na shimo kwenye tope lililoanza kukauka, upana wa mtu. Kuzunguka shimo kulikuwa na alama za magoti na viganja, na zile katambuga zenye meno, zimechimba kwa nguvu kama mtu aliyekuwa anavuta.

Naipanoi aligusa ukingo. Siku mbili kwa jua hili, hazizidi.

"Mliondoa chupa Jumamosi," alisema. "Jumapili kuna mtu alizama hapa mpaka mapajani. Akavutwa."

Mwalimu Marsela alichungulia shimo, kisha akarudi mstarini kwa hatua za uangalifu.

Mstari uliishia kwenye gamba la magadi, pale ambapo wanawake hubandua vipande vya kulambisha ndama na kuchanganya na tumbaku. Huo ulikuwa mwisho wake. Mwanzo wake, Naipanoi alipourudia peke yake akiwaacha wenzake kwenye pikipiki, ulikuwa mlango wa boma moja dogo la miiba.

Nje ya boma alikaa bibi mmoja aliyejifunga lubega ya bluu, fimbo mapajani, akipondaponda tumbaku kwenye kibati. Kando ya zizi la ndama alisimama mzee.

Naipanoi alikuwa na miaka thelathini na minane, cheo mkononi na pingu kiunoni, lakini mbele ya mtu wa umri wa bibi yake alikuwa mtoto tu. Alisogea, akainamisha kichwa ili aguswe.

"Takwenya, yeyo," alimwamkia kwa Kimaasai, akimwita mama.

"Iko!" bibi aliitikia kwa furaha, akanyoosha mkono.

Mkono ulipita pembeni ya sikio. Ukaelea kidogo. Ukatua begani, ukapapasa kitambaa cha sare, ukapanda shingoni, ndipo ukakipata kichwa na kukibariki.

"Mrefu kama twiga wewe!" bibi alisema. "Walikulisha nini kwenu?"

Kituo kizima cha Karatu, ukiondoa paka, hakikuwa na mtu mfupi kuliko Naipanoi.

"Maziwa tu, yeyo," alijibu. "Unakwenda kuchukua magadi mwenyewe?"

"Nani mwingine? Mimi Kakenya ndiye ninayewapa magadi maboma yote haya. Asubuhi chupa humetameta kule, nazifuata. Juzi juzi watu waliziondoa, nikazubaa kidogo." Alicheka, akashusha sauti kama anayetoa siri. "Macho yangu ni mazima kuliko ya mume wangu Supeet. Yule hata ng'ombe wake anamwamkia akidhani ni mgeni."

Mzee aliyekuwa zizini hakucheka. Alikuwa anaiangalia miguu yake, na Naipanoi naye akaiangalia. Tairi la pikipiki, meno mapya, wa kushoto umeliwa kisigino.

Angeweza kumaliza kesi pale pale. Aliaga, akaondoka.

Kesho yake, mbingu ilipoanza kupauka, alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na shimo la taka. Mzee alikuja akiburuta mguu, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kuwasifu ng'ombe. Aliingia shimoni bila shida yoyote (Lazaro na kina chake!) akatoka amejivika chupa shingoni, mabegani na kiunoni. Mia mbili hazipungui. Jua la kwanza lilipompiga, aling'aa mpaka ndege wakaanza kuimba upya wakidhani kumekucha mara mbili.

"Papa Supeet," Naipanoi alisema, kama binti anayemwita baba, akainamisha kichwa.

Mzee aliruka, na chupa zote zikalia. Halafu akafanya jambo lililomfanya sajenti ajisikie vibaya: akaweka kwanza mkono kichwani pa Naipanoi, kwa taratibu zote, ndipo akanyoosha mikono miwili ili afungwe pingu.

"Nani kakwambia?"

"Viatu vyako. Leo sijaja na pingu, papa. Nataka kujua tu."

Mzee Supeet aliketi. Alizungumza akiangalia boma.

"Macho ya Ngoto Tajewo yanakufa," alisema. Alimwita hivyo, mama Tajewo, kama alivyomwita tangu kifungua mimba wao azaliwe. "Yalianza na ukungu. Hospitali walisema tumechelewa. Wajukuu wakataka kumshika mkono, akamcharaza mmoja fimbo. Akaniambia, siku nitakayoongozwa kama mbuzi wa sadaka, nichimbie shimo. Nikafikiri. Vitu vinavyong'aa bado aliviona kidogo. Nikafunga chupa moja. Kesho yake akaniambia, 'Menye Tajewo, leo nimeona njia vizuri, macho yanapona.' Ungekuwa wewe, ungefungua ile chupa?"

"Nisingeifungua."

"Hajui kwamba ni mimi. Anadhani ni upepo na watalii." Alijaribu kucheka. "Mwanaume wa rika langu, natundika chupa kama binti anayepamba harusi. Wenzangu wakijua watanicheka mpaka kaburini. Hilo navumilia. Lakini yeye akijua, hatatoka tena. Atakaa mlangoni asubiri kufa. Jumapili nilimvuta kwenye tope kwa mikono hii. Hakulia. Alinambia, 'Nilikuwa naangalia ndege.'" Akamshika Naipanoi mkono. "Niandike mimi. Nipeleke mahakamani, nitasema nilikuwa mlevi. Ila yeye asijue."

Naipanoi alikuwa na daftari wazi gotini. Hakuwa ameandika kitu.

"Jumamosi watafukia shimo na kuondoa kila kitu," alisema.

"Najua. Ndiyo maana leo nabeba nyingi. Nitazificha."

"Nenda kafunge zako, papa. Acha mimi nimwone Mwalimu."

Jua lilipopanda kidogo, Kakenya alitoka bomani na fimbo na mfuko wake. Naipanoi alimkuta kwenye chupa ya tatu, akamwomba watembee wote. Bibi alikubali, mradi asimshike. Alitembea wima, bila kusita, akinyoosha kidole mara kwa mara na kusema, "Ile pale inang'aa," na ikawa kweli iko pale. Walipofika kwenye uwanda mweupe akasimama.

"Umetembea kimya sana kwa polisi," alisema. "Jana ulikiinamisha kichwa chini mno, nikakikosa. Unajua."

Naipanoi alitafuta uongo mzuri, akakosa.

"Ndiyo, yeyo."

"Sijaona chupa tangu masika ya mwaka juzi. Sijaona chochote."

"Sasa unafuata nini?"

"Sikiliza."

Upepo ulipiga. Mbele yao, hatua arobaini, chupa iligonga ufito: tok, tok. Mbali zaidi nyingine ikaitikia. Naipanoi alisimama akisikiliza mstari mzima ukiongea mpaka kwenye magadi.

"Na nyuma yetu kuna kingine," Kakenya alisema. "Shwaa, tup. Shwaa, tup. Mguu wake wa kushoto. Kila siku ananifuata kwa mbali, anadhani sisikii."

Naipanoi aligeuka. Kweli, kule nyuma ya kichaka cha mwisho lilionekana shuka jekundu likijificha kwa ustadi wa tembo nyuma ya ufagio.

"Mbona humwambii, yeyo? Angekushika mkono."

"Mkono wangu hauna neno. Ni yeye." Bibi alipapasa fito kwa fimbo, akapata mwelekeo wake. "Alipowakabidhi wanawe ng'ombe, alimaliza kazi zote za duniani. Akawa anakaa amejifunika shuka usoni, mchana. Siku moja nikasikia anaamka kabla ya jogoo. Anaimba! Nikatoka, nikasikia chupa. Nikamwambia macho yanapona. Tangu hapo anaamka kila siku. Nikimwambia sioni, ataamkia nini?"

Wakabandua magadi pamoja. Waliporudi, Kakenya alisema neno moja tu kuhusu jambo hilo: "Usimwambie."

Jioni hiyo, Rhotia, Mwalimu Marsela alimkaribisha sajenti jikoni, ambako alikuwa anachambua maharage. Alisukuma ungo katikati yao ili mgeni naye achambue.

"Umempata?"

"Nimempata. Na nimekuja kukuomba ufute malalamiko."

"Bila kunitajia jina?"

"Watu wawili wameniapisha, Mwalimu, na kila mmoja hajui kuhusu mwenzake. Ninachoweza kusema ni kwamba ule mstari ni barabara ya mtu. Tukiuondoa, tope litammeza."

Mwalimu aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitazama muda mrefu kuliko kijiwe kinavyostahili.

"Lile shimo," alisema. "Ni sisi tuliomtumbukiza?"

"Hamkujua."

"Watoto nao huniambia hivyo, na bado huwa nawarudisha wakafanye upya." Akafuta mikono kwa khanga. "Chupa za dawa za vitunguu zinatoka. Hapo sikubaliani na mtu, ndama wanazilamba."

"Zinatoka."

"Na hizo nyingine, kuanzia kesho niletewe nizioshe. Kama ni barabara, iwe safi."

Jalada lilifungwa Alhamisi. Kwenye nafasi ya matokeo, Naipanoi aliandika kwamba mlalamikaji ameridhika, na mtendaji, alipokosa kesi, aliwarudisha mgambo wake kulinda ofisi ambayo haikuwahi kuibiwa hata kiti.

Jumamosi walishuka watu mia mbili na kumi. Mwalimu Marsela alipanda juu ya Fuso akapaza sauti. "Okoteni kila kitu! Chenye fundo la uzi mwekundu, mkono usiguse! Nimesemaje?"

"Chenye fundo tusiguse!" umati ukaitikia, na Lazaro, mwenye miaka ishirini na sita, aliitikia kuliko wote.

Hakuna aliyeuliza sababu. Kufikia saa nne ufuko ulikuwa mweupe kama sahani, na katikati yake mstari mmoja wa chupa zilizooshwa ukiwaka mpaka ziwani.

Ndipo Kakenya alipotoka bomani, mume wake kando, siyo mbali sana na siyo karibu sana. Alisikia umati, hatua zake zikapungua. Naipanoi alimsogelea kumwamkia. Safari hii alikiinua kichwa mpaka kikagusa kiganja chenyewe.

"Ni wengi," bibi alinong'ona bila kugeuza uso. "Wamevaaje?"

"Vizibao. Njano. Mwalimu wao yuko kulia kwako, ana kofia ya majani."

Kakenya alinyooka, akageukia kulia.

"Wewe wa kofia ya majani!" aliita. "Hizo njano zenu zimewapendeza. Nimewaona tangu nikiwa mlangoni!"

Mwalimu Marsela alifungua mdomo, akamtazama bibi, akauangalia mstari, kisha akavua kofia yake na kuinama kama watoto wake walivyomwinamia yeye kwa miaka thelathini na minne.

"Asante, bibi," alisema. "Tumezifua jana."

Mzee Supeet alimvuta sajenti kwa mkono wa sare. Uso wake wote ulikuwa meno, manne aliyobakiwa nayo.

"Umesikia?" alinong'ona. "Kutoka mlangoni! Yanapona. Nilikwambia yanapona."

"Nimesikia, papa," Naipanoi alisema. "Ana macho makali sana."